Jiwe la Mizani

Mstari ulikataa kushuka. Mwanasayansi aliufuta, akaiendesha hesabu upya, na kompyuta ikauchora vilevile: unatambaa chini kwa adabu, halafu ghafla unapanda kama mbuzi aliyeona majani juu ya mwamba.

"Mpumbavu wewe," aliiambia kompyuta. Kompyuta haikubisha.

Kazi yake ilikuwa kuigeuza saratani ya damu kuwa hesabu. Chembe ngapi za damu zinazaliwa, ngapi zinakufa, dawa inaua zipi. Unailisha milinganyo idadi za leo, inakuchorea miezi ijayo. Wenzake walimwita mpiga ramli wa serikali, naye alicheka nao mpaka siku mdogo wake alipougua. Tangu hapo utani huo ulikufa wenyewe.

Sasa mdogo mtu alikuwa karibu kupona. Kila mwezi mstari wake ulilala chini kama mkeka. Ila daktari alishasema wazi: ugonjwa ukirudi, dawa basi. Itabaki kumpandikiza uboho wa mifupa ya dada yake, huyu mwanasayansi, na si wa mtu mwingine yeyote, maana ndugu wote walipimwa na ni wa dada tu uliomfaa.

Maabara ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya damu ya mgonjwa, mashine ilionjeshwa damu ya mtu asiyeumwa, ipate cha kulinganisha. Mtu huyo alikuwa mwanasayansi mwenyewe. "Mimi ndiye jiwe la mizani," alipenda kujigamba. Mashine ilituma majibu moja kwa moja kwenye kompyuta yake, bila majina: ya kwake yakitangulia, ya mdogo wake yakija baadaye na kukaa juu yake kwenye orodha. Yeye alifungua ya juu tu. Nani amewahi kulipima jiwe la mizani?

Asubuhi hiyo mpima damu alimshika mkono akaguna.

"Dada, mbona una mabaka hivi? Umepigana na nani?"

"Na droo ya meza. Imenishinda."

"Na usingizi je? Macho yako kama ya bundi."

"Choma, mwanangu, uache umbea."

Alipanda ngazi akipumzika katikati, akailaumu kazi. Sasa mchana ulikuwa umefika, na mbele yake mbuzi alikuwa bado anapanda mwamba.

Mpima damu alichungulia mlangoni. "Majibu umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi nakwenda kula. Nikirudi tunaendelea."

Mwanasayansi hakumsikia. Simu ilikuwa inalia. Mama.

"Hesabu zinasemaje, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Usinifiche. Sauti yako imekauka."

"Ni vumbi tu."

"Mwenzio akizidiwa, wewe ndiye nguzo yangu. Wewe ndiye mzima. Umtazame."

"Nitamtazama, mama."

Alikata simu akakaa akiutazama mstari. Alijua kuusoma kuliko alivyojua kusoma uso wa mtu. Huu haukuwa na huruma. Kabla mvua hazijaanza, chembe changa za saratani zitakuwa zimeijaza damu yote, hazibakishi nafasi hata ya pumzi. Akaanza kupanga: leo amwone daktari, kesho yeye mwenyewe alazwe kitanda cha pili kando ya mdogo wake, amchangie uboho hata wa mifupa yote miwili ya nyonga. Akajipapasa kiunoni, kama mtu anayehakikisha pochi bado ipo.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Mdogo wake aliingia akitafuna karanga, kilemba kikiwa upande.

"Shikamoo, bibi wa hesabu! Mbona umenuna kama uliyemeza kokwa?"

"Marahaba. Kaa chini."

"Sikai. Nikikaa utanihutubia."

"Kaa, mdogo wangu."

Aliposikia sauti hiyo, akakaa. Karanga zikabaki kiganjani.

"Umerudi," dada alisema. "Ugonjwa. Nimeirudia hesabu mpaka nimechoka, haibadiliki. Lakini usiogope, unanisikia? Uboho wangu upo. Nitakupa."

Mdogo mtu alitazama skrini, akatazama sakafu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Umejuaje, dada? Mimi najisikia mzima kabisa."

"Damu haijali unavyojisikia. Nimeiona damu yako ya leo."

Mdogo mtu akainua uso polepole. Akakunja mikono ya gauni, wa kulia, kisha wa kushoto, akaitandaza juu ya meza. Ngozi ilikuwa safi. Hakuna pamba, hakuna plasta. Halafu akaangua kicheko, machozi yakimtiririka, karanga zikimwagika sakafuni.

"Lo, dada! Umenitia kiwewe bure! Damu gani? Gari limetuharibikia njiani, ndio kwanza nafika. Sijachomwa bado!"