Zamu ya Sidi

Mejumaa alipanda tuk-tuk pale Mji wa Kale akiwa ameficha kijiko ndani ya buibui. Kijiko chake mwenyewe, cha jikoni kwake, maana cha mke mwenzake hakukiamini. Alimwambia dereva waende Tononoka, tena upesi, na kila lori lilipowazibia njia alisonya na kujisogeza mbele kwenye kiti, kana kwamba akisogea yeye na tuk-tuk itasogea.

Alitaka kufika kabla bwana hajatoka kazini, kwenye maghala ya Shimanzi. Gunga hula chakula cha mchana kwa mwenye zamu. Zamu huzipanga mwenyewe, kwa kuwa kazi ya bandarini haina saa, na jana aliaga kwamba anakwenda kwa Sidi, mke mdogo. Mejumaa alikuwa amekata shauri: ataingia, atafunua sufuria, ataonja. Akikuta samli, patachimbika.

Shida yenyewe ilikuwa moyo. Daktari alimweka Gunga chini, Mejumaa ubavuni, akasema bila kuzunguka: presha iko juu, sukari iko juu, mafuta yamejaa kwenye mishipa. Chumvi apunguze, samli aache, vya kukaanga na vya sukari avisahau. Ale mboga, kunde, samaki wa kuchoma. Akiendelea na ulaji ule ule, moyo utamsimama siku yoyote. Mejumaa alirudi nyumbani akagawa samli yote kwa majirani, kopo na mfuniko wake. Tangu hapo ni mchicha usiotiwa nazi na ugali wa wimbi. Ajabu ni kwamba Gunga, mwanamume aliyewahi kuirudisha pilau jikoni eti haing'ari mafuta, alikula kidogo bila neno, akasema alhamdulillahi, akanawa.

Na bado, kila wakirudi kwa daktari, presha imepanda. Sukari imepanda. Tumbo nalo limekataa kushuka. Safari ya mwisho daktari alimtazama Mejumaa kwa jicho la lawama, yeye ambaye usiku hulala usingizi wa mang'amung'amu akisikiliza bwana anavyohema. Ilimuuma sana. Basi kama si yeye, ni nani? Ni huyo wa Tononoka, anamuua mume wa watu kwa viazi karai na mahamri ili apendwe zaidi.

Sidi alifungua mlango akiwa amejifunga leso kuukuu, nywele hazijasukwa, mikono imejaa povu la kufulia. Mwanamke wa zamu huyu? Mejumaa alishangaa. Wala udi haukunukia. Yeye siku yake hata mito huifukiza.

"Karibu, dada," Sidi alisema, amebabaika. "Bwana hajambo?"

Mejumaa alihisi damu ikimpanda. Mtu amelala naye jana, leo amuulize yeye hali yake! Aliimeza kejeli hiyo, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua.

Ilikuwa sufuria ndogo, ya kumshibisha mtu mmoja, labda na paka. Kumbe ni bahili pia. Akatoa kijiko, akachota, akaonja. Akaonja tena. Kunde na mchicha tu. Samli hamna, nazi hamna, chumvi ya kubahatisha. Alifungua kabati, akanusa makopo, akainama chini ya meza. Sidi alimwacha apekue mpaka akachoka.

"Wallahi, dada, tangu daktari aseme, kwangu hapikiwi kingine," Sidi alisema. "Mimi nilikuwa nasema ni wewe."

Mejumaa alikaa kwenye kigoda. Aibu ilimshika. Sidi akaanza kulia, na maneno yakamtoka: jinsi anavyoamka usiku kumsikiliza Gunga akipumua, jinsi miguu ya mumewe ilivyovimba, jinsi anavyoogopa kumpoteza. Yalikuwa yale yale ya Mejumaa. Miaka yote wamerushiana vijembe harusini na matangani, kumbe hofu yao ni moja. Alimshika mkono, mara ya kwanza tangu wawe wake wenza.

Wakabaki kuulizana bwana anakipata wapi hicho chakula. Wakakubaliana ni vibandani huko Shimanzi, na kwamba kesho watakwenda wote wawili wamwaibishe mbele ya makuli. Hata walicheka. Lakini adhuhuri ilikuwa imepita na Mejumaa hakutulia. Kila aliposikia mtu akipanda ngazi aligeuza shingo. Sidi hakuutazama mlango hata mara moja. Alipakua kile kidogo alichopika, akakigawa sahani mbili, moja akamsogezea mgeni wake.

"Na cha bwana?" Mejumaa aliuliza. Kabla hajajibiwa, simu yake ikalia.

Namba hakuijua. Alifungua sauti ili wote wasikie. Alikuwa muuguzi, akauliza kwa upole kama huyo ni jamaa wa Bwana Gunga. Amefikishwa hospitali, kifua kilimbana akiwa anakula. Wamemwahi, yu hai, lakini moyo umeumia na ingefaa ndugu wafike. Namba hiyo wameitoa kwenye simu yake.

"Mimi ni mkewe," Mejumaa alisema, keshasimama anatafuta viatu, na Sidi nyuma yake anajitanda kanga huku machozi yakimtoka. "Twaja sasa hivi."



"Mkewe tunaye hapa, mama," muuguzi alisema. "Ndiye aliyemleta. Amempakata mtoto wao, analia tu, asema laiti asingempikia biriani."