Ini la Mwalimu Somoe

Tangu sheria ilipoyapa maini sauti, hakuna dawa inayomezwa nchini bila ini kuridhia. Kifaa kidogo kama kifungo hubandikwa chini ya mbavu, ini hutoa uamuzi, na kisanduku cha dawa hufunguka au hukataa.

Ini la Mwalimu Somoe, mstaafu wa hisabati wa Masasi, lilikuwa na mdomo.

"Dripu ya saratani ya juzi bado inanitesa," lilisema kila alipoomba kidonge cha maumivu. "Hicho kina afyuni na paracetamol. Meza nusu. Ukinizidishia, vipimo vya Jumatatu vitakuwa vibaya na dripu ijayo itaahirishwa."

Uvimbe haungesubiri. Somoe alimeza nusu.

Wifi yake Shamsa alikuja kumjulia hali na, kama ilivyo desturi, alileta vidonge vilivyobaki kwa marehemu mjomba wake.

"Unaombaje ruhusa kwa nyama?" aliuliza. "La mbuzi mimi nalikaanga na vitunguu."

"Nimekusikia, wifi," ini likajibu. "Na hivyo vya marehemu ondoka navyo."

Alhamisi maumivu yalizidi. Somoe alijiandaa kubishana, akataja uzito wake, saa na kipimo.

"Meza viwili," ini likasema.

Kisanduku kikafunguka.

"Huna pingamizi?"

"Meza tu, Mwalimu." Sauti ilikuwa dhaifu, haina ukali hata kidogo, kama ya mgonjwa aliyechoka.

Shamsa alicheka. "Hatimaye limeshika adabu."

Somoe alivirudisha vidonge kisandukuni, akamwomba aite gari la hospitali.