Ubongo Wenye Homa

"—inachoma kama pasi, Shangazi! Gusa mwenyewe!"

Mejumaa alikuwa anamtengenezea shangazi yake Mwatime kompyuta ndogo ya kubeba mkononi. Tangu alipopasuliwa koo, Mwatime, aliyekuwa anajua habari zote za mtaa, hakuwa na sauti tena. Sasa angeandika, watu wasome. Kazi ilibaki kuchagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mezani zilikuwepo mbili, zote za bei nafuu, zote zimewashwa, kila moja na betri, vitufe na kioo chake. Moja ina mbio, ila inamaliza betri kwa saa mbili. Nyingine ni kobe kabisa, lakini inashinda kutwa.

Mwatime aliigusa ile ya mbio kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto. Akakunja uso: homa. Akaigusa ya pili, akaipigapiga. Hii nzima.

"Shangazi, hiyo itakuchelewesha!"

Lakini Mwatime alishaanza kubofya. Jirani yao Bi Nyamvua, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, akaja kuchungulia. Herufi zilitokea moja moja.

"Una... jua... Najua nini? Una-jua a-li-ye-po-swa... Kaposwa nani? Bi Mwatime, wewe! Nani?"

Mwatime aliangalia alama ya betri. Bado imejaa. Akabofya tena, bila haraka. Bi Nyamvua akavuta kigoda, akakaa kimya mdomo wazi, akizisoma zinavyokuja: jina... nitakutajia... kesho.