Koti Nyuma ya Mlango

Mara tatu mhariri alimrudishia mwandishi hadithi na neno lile lile: "Hii ni sura ya kwanza ya riwaya. Nataka ukurasa mmoja, na uishe. Mwisho kesho saa sita."

Kesho ndiyo hii. Mwandishi alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, karatasi mkononi. Bibi yake alikaa dirishani akishona kifungo.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi, ila upesi."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Eeh. Hadithi zako wewe ni milango mitupu, mjukuu wangu. Haya, soma."

Hapo ndipo hadithi zake zote zilipoharibikia. Kila alipomaliza kusoma, bibi aliuliza, "Kisha?" naye akarudi mezani kuongeza kurasa.

Hii ya leo ilimhusu mjane aliyeliacha koti la marehemu mumewe likiwa limetundikwa miaka saba, asithubutu kupekua mifuko yake. Asubuhi moja akasimama mbele ya koti hilo.

"Akatia mkono mfukoni," mwandishi alimalizia, kisha akangoja swali.

Bibi hakuuliza. Sindano ilikuwa imesimama, nusu ndani ya kitambaa, nusu nje.

Akaweka kitambaa kando. Akainuka, mkono kiunoni, akaenda nyuma ya mlango, ambako koti la babu halikuwa limeguswa tangu mazishi.

Mwandishi akafunika kalamu.

Bibi akakunja mkono wa gauni lake, polepole, hadi kwenye kiwiko.