Fisi Aliyejua Lugha ya Swala

Moto ulipoteketeza nyika, wanyama walikimbilia ng'ambo ya mto. Fisi, mzururaji wa pande zote mbili, alipanga foleni kwa Daktari Tembo, taya limemvimba kwa jino bovu. Mbele yake Bi Swala alimbeba mwanawe aliyelegea, akilia kwa lugha ya nyikani. Tembo hakuambulia kitu.

“Anasema mtoto ana homa,” alitafsiri Kasuku, ambaye aliona haya kukiri kwamba lugha hiyo haijui.

Tembo akaanza kuchanganya dawa ya homa. Fisi akameza mate, maana yeye alielewa kila neno: mtoto kaumwa na nyoka. Akinyamaza kidogo tu, jioni atapata kitoweo laini, kisichohitaji jino zima.

Mtoto akafumba macho. Bi Swala akamgeukia Fisi, akarudia maneno yale yale taratibu, kama anayemweleza jirani.

“Daktari, ni nyoka,” Fisi alisema kwa shida. “Kamuuma mguu wa nyuma. Kasuku anabahatisha tu.”

Tembo akabadili dawa upesi. Baadaye mtoto akafumbua macho.

“Lugha yetu umejifunzia wapi, baba?” aliuliza Bi Swala.

“Nyuma ya kichaka, mama. Nimewasikiliza miaka mingi.”

Bi Swala alimshukuru kwa moyo wote, huku akimhamishia mwanawe ubavu wa pili, mbali na Fisi.