Godoro Kavu

Asubuhi ya saba mfululizo godoro la Salha lilikuwa kavu, na mama yake, Mwanahawa, akawatambia majirani kwamba aibu ni dawa. Si ndiye aliyemtwisha bintiye wa miaka tisa godoro bichi kichwani, akamzungusha mtaa mzima huku watoto wakimzomea, "Kikojozi! Kikojozi!"

Adhuhuri hiyo mwalimu alimleta Salha mgongoni, midomo imempasuka.

"Ameanguka darasani, Mama Salha. Wenzake wanasema wiki nzima hagusi maji. Hata uji wa shule anaumwaga."

Mwanahawa alimlaza mtoto juu ya lile godoro, akamletea kikombe cha maji.

"Kunywa, mwanangu."

Salha alifumba mdomo, akatikisa kichwa.

"Kunywa, nakusihi. Sitakuzungusha tena."

Mwanahawa alikiinamisha kikombe kwenye midomo iliyofumbwa. Maji yakamwagika, na doa likatanda taratibu kwenye godoro. Salha, ambaye hata kukaa alikuwa hawezi, akainuka ghafla, akavua shati lake la shule na kuanza kulisugua lile doa.

"Si mimi, mama," alisema, huku akisugua. "Si mimi."