Mstari wa Afisa Korongo

Zamani wanyama walipopata soko, na soko likapata ofisi, Nguchiro alileta vikapu kumi vya kumbikumbi wakavu. Mvua ilikaribia, na kama asingeuza upesi wangeota ukungu na wanawe wangelala njaa. Bei iliyofaa hakuijua, akamwendea Korongo, Afisa Bei, aliyeamini chochote kilichomo jaladani.

"Juzi niliuza kwa kauri tano, kikapu kimoja. Jana kwa kauri saba kila kimoja, vikapu viwili."

Korongo akachora mstari, akautazama kwa mapenzi. "Mama, unapanda! Bei ikipanda, manunuzi yanaongezeka. Uza kwa ishirini."

"Kwa siku mbili tu, bwana afisa?"

"Mstari hauhitaji zaidi. Siku ya tatu ingeuharibu."

Nguchiro akatangaza bei ya ishirini. Kanga, mteja wake wa juzi, akapiga kelele sokoni kote. "Ishirini! Wana meno ya dhahabu?" Akaenda zake. Hakuja mwingine, na wingu likatanda.

Nguchiro akarudi ofisini na vikapu saba kichwani.

"Wako wapi wanunuzi wa jana?" akauliza Korongo.

"Alikuwa mmoja tu, na ni wewe. Ulinunua viwili, ukasema ni sampuli ya ofisi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza vingapi, hukuuliza nani. Sasa bei imepanda, na mstari wako unasema utataka vingi zaidi. Hivi hapa."

Korongo akautazama mstari, akautazama muhuri wake juu yake. Kuufuta mstari kulihitaji kikao. Akalipa ishirini kwa kila kikapu, kisha akaandika jaladani: "Makadirio yamethibitika."

Kanga angali anauliza bei ya kumbikumbi; wote wamo ofisini.